Dawa ya "matumizi ya nje" ninayopaka mdomoni

Tyubu ya dawa yangu imeandikwa ubavuni, kwa Kiingereza, kwamba ni ya matumizi ya nje tu. Mimi naipaka mdomoni, kwenye mashavu kwa ndani na kwenye fizi. Mara ya kwanza nilipopeleka cheti cha daktari kwenye duka moja la dawa Kariakoo, kijana wa kaunta alikisoma, akanitazama uso, akashuka kwenye mikono, akarudi tena usoni.

"Mama, hii klobetasoli unaitaka ya kazi gani? Maana wanaoiulizia hapa wengi ni wa mkorogo."

Nikamwambia ni ya vidonda vya mdomoni. Akacheka, kisha akaona mwenzake sicheki. Akaingia nyuma kumpigia simu mfamasia wake. Aliporudi alikuwa mpole kabisa: "Samahani mama, nimeambiwa ni sawa, inatumika."

Wala simlaumu. Klobetasoli ni steroidi kali ya kupaka, katika zile kali kuliko zote, na mjini hapa imejiharibia jina kwa kuchanganywa kwenye vipodozi vya kujichubua. Vipodozi vyenye steroidi vimepigwa marufuku nchini, sawa na vyenye zebaki na haidrokwinoni, lakini wanaovitaka wanajua pa kuvipata. Dada anayejipaka uso mzima miezi na miezi anakondesha ngozi yake mpaka mishipa inaonekana. Mimi dawa hiyohiyo imenirudisha kula chakula cha watu.

Tangu nilipotaja kwa juu juu hapa kwenye blogu yangu kwamba nina maradhi ya kinywa, inboksi yangu imejaa. Watu waliozoea kuniuliza maji ya pilau ni vikombe vingapi sasa wananiuliza nimetibiwa na nini. Basi leo hakuna pilau. Ila tuelewane: mimi ni mpishi wa shughuli wa Magomeni, si daktari. Dozi yako ataipanga aliyekufungua mdomo akatazama.

Kwenye faili ugonjwa umeandikwa lichen planus, nasi wagonjwa tunasema laikeni planasi. Mwingereza Erasmus Wilson ndiye aliyeueleza kwa jina hilo mwaka 1869. Kuna alama yake moja, mistari myeupe myembamba inayopishana ndani ya mashavu, ambayo inaitwa mistari ya Wickham kwa sababu ya Mfaransa Louis Wickham aliyeiandikia mwaka 1895. Wako watu wana hiyo mistari tu, haiwaumi, hawajui hata kama wanayo mpaka siku waende kung'oa jino. Wangu mimi ni ule unaochimba. Utando wa ndani ya mdomo unakwanguka, panabaki pekundu pabichi, na juu yake panakaa kitu cha manjano manjano. Fizi za mbele nazo zikawa zinachunika. Nikipiga mswaki, naukuta umebeba kijipande cheupe cha ngozi kama karatasi iliyolowa, nikikivuta kinakuja chote na damu nyuma yake.

Chanzo hasa hakijulikani. Kinachofahamika ni kwamba chembe za kinga, zile nyeupe za damu ziitwazo T, zinazigeukia chembe za tabaka la chini la utando wenyewe. Ni sungusungu waliowekwa kulinda mtaa, usiku wanaingia nyumba hadi nyumba kuwapiga wenye mtaa. Ndiyo sababu dawa zote za ugonjwa wenyewe nitakazozitaja zinafanya kazi moja, kuwatuliza hao walinzi. Na ndiyo sababu ugonjwa huu hauambukizi. Hauambukizi kwa kijiko, wala kwa busu, wala kwa mwiko wangu. Nalisema hili kwa sauti kwa kuwa kuna familia ilihamishia shughuli yao kwa mpishi mwingine baada ya mtu kuona fizi zangu nikicheka. Inakadiriwa mtu mmoja au wawili katika kila 100 wana laikeni ya kinywa ya aina moja au nyingine, na wengi ni wanawake wenye umri wa kati, yaani watu wa rika langu. Hatuko wachache, ila hatusemi.

Kabla ya kupata jina nilizunguka, na sitawachosha na mzunguko wote. Dawa ya fangasi, antibayotiki, vitamini, ile dawa ya zambarau inayokuacha mdomo kama umekula zambarau za Tanga, kisha dawa ya fangasi tena. Uswahilini mdomo ukiwa na weupe watu wameshajipa jibu. Nilipima VVU, sina. Jirani mmoja akaniambia "hongera" kwa sauti ya mtu asiyeamini.

Aliyekata mzizi wa fitina ni daktari wa meno, kijana, wa kike. Alijifunga bandeji laini kidoleni akafuta shavu langu kwa ndani, taratibu. "Ingekuwa fangasi ya kawaida, weupe huu ungetoka, walau baadhi yake. Huu hautoki, mama." Kazi ya nusu dakika. Akaniandikia rufaa kwa bingwa wa magonjwa ya kinywa.

Bingwa aliuliza maswali ambayo sikuyategemea. Nameza dawa gani za presha? Nimezibwa jino kwa ile madini ya rangi ya fedha, na je, kidonda kinaligusa? Natumia sana vidonge vya maumivu? Nimewahi kupimwa homa ya ini aina ya C? Akaeleza kwamba baadhi ya dawa za presha, za sukari, za maumivu jamii ya ibuprofeni, hata kwinini, zinaweza kuleta vidonda vinavyofanana kabisa na hivi, na jino lililozibwa linaweza kuchoma shavu linaloligusa. Hapo tiba inakuwa kuondoa kichokozi. Lakini usiende ukaacha dawa ya presha kwa kusoma blogu ya mpishi. Anayeibadilisha ni aliyekuandikia.

Kisha kuchukuliwa kinyama, yaani kijipande cha utando wa mdomo cha kupimwa maabara. Watu wanakiogopa kuliko kinavyostahili. Sindano ya ganzi ndiyo inauma, baada ya hapo unasikia kuvutwa tu, na nyuzi mbili tatu. Jambo la kulijua: kinyama hakikatwi katikati ya kidonda, kinakatwa pembeni, pale utando bado upo, maana katikati hakuna cha kusomeka. Na kama fizi zinachunika, daktari anaweza kutaka kipande cha pili ambacho hakitiwi kwenye fomalini, kwa kipimo cha kutofautisha na pemfigasi na pemfigoidi. Hao ni ndugu wa mbali wa ugonjwa huu, sura zinafanana, tiba na hatari zake ni nyingine.

Sasa dawa yenyewe, kwa sababu dirishani pa duka la dawa wanakwambia "kutwa mara mbili" basi, unakwenda zako. Mimi nilifundishwa kwa kioo. Kwanza kula kuishe na mdomo usafishwe, usije ukapaka kisha ukakumbuka kuna kipande cha muhogo. Halafu pale pa kupaka pakaushwe kwa bandeji au kitambaa safi, kugusisha tu, si kusugua. Mate ndiyo yanayoharibu kila kitu hapa: dawa ikikutana na mate inateleza, unaimeza, kidonda hakijaonja kitu. Unachukua kidogo kwenye ncha ya kidole, kiasi cha njegere kwa mdomo mzima, unakandamiza juu ya kidonda mpaka ukione kimevikwa utando wa mafuta. Baada ya hapo nusu saa hakuna kula, hakuna kunywa, hakuna kusukutua na, kwa sisi wa uswahilini hili ndilo gumu, hakuna maneno mengi. Ya usiku ndiyo yenye nguvu zaidi kwa sababu ukilala mate yanapungua na mdomo unanyamaza.

Yangu ni klobetasoli ya asilimia 0.05, ya mafuta, si ya krimu. Nilianza asubuhi na usiku. Vidonda vilipotulia nikapunguziwa ikawa usiku tu, kisha baadhi ya siku za wiki, kisha inakaa kwenye mkoba ikisubiri uchokozi. Huo mpangilio wa kupanda na kushuka ndio tiba yenyewe. Anayepaka siku mbili akaona nafuu akaacha, anarudi pale pale. Na anayepaka mwaka mzima bila kupunguza anajitafutia mengine.

Fizi zilikuwa na ukaidi wake, dawa haikai. Fundi wa meno ya bandia akachukua umbo la meno yangu kwa ule udongo wa waridi, akanitengenezea kifuniko laini cha plastiki kinachofunika meno na fizi pamoja. Natia dawa ndani yake mstari mwembamba, navaa kama dakika 20 nikiwa natazama tamthilia. Mume wangu anasema hizo ndizo dakika zake za kupumzika.

Siku vidonda vikiwa vimetapakaa, hata huko nyuma ambako kidole kinaniletea kichefuchefu, natumia ya kusukutua. Ni vidonge vya steroidi vinavyoyeyuka, betamethasoni ya maikrogramu 500: kimoja kwenye maji kidogo, mililita 10 hadi 20, ushikilie mdomoni dakika kadhaa ukizungusha, kisha uteme. Wengine wanapewa deksamethasoni kwa namna hiyohiyo. Narudia kutema, kwa sababu nina shoga yangu aliona ni hasara kutema dawa ya kununua.

Mkishaanza hizo, fangasi ya kweli inaweza kuja. Steroidi inawalaza walinzi, na fangasi wanapita mlango wazi. Basi ile dawa niliyopewa ovyo mwanzoni ilirudi, safari hii kwa sababu: nistatini ya majimaji. Wengine wanapewa jeli ya mikonazoli, lakini aliye kwenye wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, aseme mapema, maana hizo mbili hazikai nyumba moja.

Kuna kipindi dawa za kupaka zilishindwa. Mdomo mzima ulikuwa mbichi, nilikuwa nakunywa uji kwa mrija. Nikapewa prednisoloni, steroidi ya kumeza, asubuhi baada ya kula, kwa muda mfupi kisha ikashushwa. Ilifanya kazi upesi, sikatai. Pia ilinipandisha presha, ikaninyima usingizi, na ikanitia njaa ambayo mpishi hapaswi kupewa. Hii ndiyo dawa inayonitia hofu nikiona watu wanaiulizia madukani kwa jina. Mwenye sukari itampandishia, na aliyeinywa muda mrefu akiikata ghafla anaweza kuanguka, kwa kuwa mwili umeacha kutengeneza ya kwake.

Pakishindikana hapo, ipo takrolimasi ya kupaka, ya asilimia 0.1. Asili yake ni bakteria wa udongo wa Tsukuba, Japani, aliyegunduliwa mwaka 1984, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuzuia mwili kukikataa kiungo kilichopandikizwa. Siku za mwanzo inachoma, na bei yake nayo inachoma. Tangu mwaka 2006 mamlaka ya dawa ya Marekani inataka ibebe onyo kuhusu saratani, kwa hiyo haitolewi kama pipi. Nyuma yake kuna azathiopurini, mikofenoleti, methotreksati, haidroksiklorokwini. Hizo ni za bingwa na vipimo vya damu vya mara kwa mara. Mimi sijafika huko, na Mungu anisaidie nisifike.

Hakuna iliyoniponya. Niliambiwa waziwazi siku ya kwanza: laikeni ya ngozi mara nyingi huisha yenyewe baada ya mwaka au miwili, ya mdomoni hukaa miaka. Kinachotafutwa ni mdomo usiouma na vidonda vichache, kwa dawa ndogo iwezekanavyo. Nilipolikubali hilo niliacha kuhama hama.

Haya, jikoni.

Mpishi wa shughuli anaishi kwa kuonja. Sufuria la biriani la watu 300 hulipeleki ukumbini kwa kudra, unaonja rojo, unaonja tena baada ya nyanya kuiva, unaonja ndimu ikishaingia. Na humo ndimo maadui zangu wote wamekaa mkutano: nyanya, ndimu, pilipili, tangawizi, mdalasini, joto. Tone moja la rojo lilinitoa machozi mbele ya wasaidizi, nikasingizia vitunguu. Siku hizi anaonja binti wa mdogo wangu. Anafunga macho, anasema, "Mama mkubwa, chumvi imekaa, uchachu bado." Mimi naangalia mafuta yalivyojitenga juu na nanusa. Pua inafanya kazi kubwa kuliko nilivyodhani. Rojo ambayo nyanya yake haijaiva ina harufu ya majani, iliyoiva inanukia utamu. Chumvi ndiyo haina harufu. Hapo namtegemea yeye, na yeye mkono wake wa chumvi ni mzito.

Mwenyewe nakula vilivyopoa na vilaini: mtori, wali wa nazi, mchicha wa nazi usio na nyanya, samaki wa kuchemsha, maharage yaliyolala, papai. Nanasi sigusi. Ubuyu ule mwekundu ndio kaburi, una ukali, uchachu na pilipili kwa pamoja. Embe mbichi za msimu zilizokatwa na kutiwa chumvi na pilipili nazitazama tu pale kituoni. Watu hudhani pilipili ndiyo mbaya peke yake, kumbe vitu vigumu vinavyokwaruza vinaniadhibu zaidi: mihogo iliyokauka ukingoni, bisi, visheti, kaukau. Pilipili inachoma ikaisha. Kaukau linafungua kidonda kipya. Barafu ni rafiki, ila ya maji matupu, si ya ukwaju.

Dawa ya meno nayo. Nyingi zina sodiamu laurili salfeti, ile inayotoa povu, na mnanaa mkali. Nilibadilisha nikachukua isiyo na povu wala ladha kali, na mswaki laini wa watoto. Kishawishi ni kuacha kupiga mswaki kabisa kwa maumivu, lakini uchafu unaokaa kwenye fizi unazichokoza na ugonjwa unazidi. Siku mbaya kuna jeli ya ganzi ya lidokaini. Naipaka kidogo, nasubiri, napiga mswaki. Nimeacha pia kuitumia kabla ya kula, maana mdomo wenye ganzi unajiuma wenyewe.

Mwezi wa Ramadhani ulinipa mtihani wa ratiba. Tulipanga na daktari: dawa moja baada ya tarawehe, nyingine baada ya daku huku nimeacha muda wa kutosha kabla ya adhana. Kukaa na kinywa kikavu kutwa ni kazi, na futari inaanza na chai ya moto na kachori za pilipili, kwa hiyo mimi nilianza na tende laini na uji uliopoa. Mwaka ambao nilikuwa kwenye prednisoloni sikufunga, nililipa baadaye.

Sasa nawageukia wanawake, wanaume wanaweza kusoma kwa faida ya wake zao.

Yule bingwa, akiwa bado ananichungulia fizi, aliniuliza kwa sauti ile ile ya kuulizia jino: "Na sehemu za siri vipi, mama? Hakuna kuwaka, kuchunika, maumivu kwenye tendo la ndoa?" Nilinyamaza. Nimekuja kwa mdomo, mtu ananiuliza ya huko. Kisha nikasema ndiyo, na nikasema mengi kuliko alivyouliza. Kumbe laikeni hupiga utando wa pande zote mbili, na mwaka 1982 madaktari wa Ufaransa, Pelisse na wenzake, waliandika juu ya wanawake wenye ugonjwa huu kwenye fizi na ukeni kwa pamoja. Inakadiriwa karibu robo ya wanawake wenye laikeni ya mdomo wanayo na huko. Wengi wanatibiwa UTI na fangasi bila kwisha, au wanaambiwa ni ukomo wa hedhi, vumilia. Mimi niliambiwa yote mawili.

Huku hapafai kusubiri. Kovu likijijenga, njia inabana, kuta zinaweza kushikana, na kuzifungua baadaye ni kazi ya upasuaji na vipanuzi. Tiba kwa nje ni klobetasoli ileile ya mafuta, kwa tabaka jembamba. Kwa ndani daktari wa wanawake ana aina nyingine za steroidi na namna ya kuziweka, usijiongeze. Halafu ziko zetu za pwani ambazo lazima ziachwe: shabu, ndimu, maji ya chumvi, sabuni za manukato, kujifukizia udi kwa chini. Najua somo wako alikufundisha, na mimi nilifundishwa. Utando uliokwanguka hauwezi kuhimili moshi wala shabu. Maji ya vuguvugu yanatosha, na mafuta ya nazi safi ya kulainisha kama hakuna kondomu, maana mafuta yanaiharibu. Na mume aambiwe. Wangu alikuwa anafikiri namkwepa. Tulipozungumza, hasira zake zote zilimwisha, akaanza kunikumbusha dawa.

Mengine ya mwilini kwa haraka: chakula kikianza kukwama kifuani, sema, inaweza kuwa imeshuka kwenye umio. Vipele bapa vinavyowasha kwenye vifundo vya mikono kwa upande wa ndani, vya zambarau au kijivu kwenye ngozi yetu nyeusi, ni huyohuyo, na vikipona huacha madoa meusi ya muda mrefu. Hayo madoa ndiyo huwapeleka watu kwenye mkorogo.

Neno la saratani. Ipo hatari, ndogo: kwa makadirio ni kama mgonjwa mmoja katika 100 kwa miaka mingi. Shirika la Afya Duniani linauweka ugonjwa huu kwenye kundi la yale yanayoweza kugeuka. Dar mtu akisikia Ocean Road, hospitali ya saratani, anaanza kugawa khanga zake, wakati ukweli ni kwamba ikiwahiwa mapema mdomoni inaonekana kwa macho. Naangaliwa walau kila baada ya miezi sita hata kama siumwi. Kidonda kimoja kinachogoma wiki mbili tatu wakati wenzake wamepona, uvimbe mgumu, ganzi ya ulimi au mdomo, damu bila sababu: hapo usisubiri miadi. Sigara, kuberi, ugoro, tambuu la popoo, pombe, yote yanaongeza hatari. Tambuu la Kisutu nililipenda sana, basi.

Mmeniuliza na dawa za asili. Shubiri imewahi kujaribiwa na watafiti kwa ugonjwa huu, jeli yake ya ndani, na baadhi ya wagonjwa walipata nafuu, ila ushahidi ni dhaifu ukilinganisha na steroidi. Utomvu wa manjano wa ganda usitie mdomoni. Manjano pia yamejaribiwa, na kwangu hayakufanya lolote zaidi ya kunitia rangi meno. Karafuu iliniunguza. Mwarobaini sijajaribu na sitajaribu, kinywa changu kimeshavumilia ya kutosha.

Na kitu kimoja cha bure kwa anayejiandaa kwenda kuonwa. Ugonjwa huu una tabia ya kutulia siku ya miadi. Umekaa foleni tangu alfajiri, unafungua mdomo, daktari anaona mistari miwili mitatu, anasema unaendelea vizuri. Basi siku ikiwaka, mpe mtu simu akupige picha, tochi iwake, mwingine avute shavu kwa mpini wa kijiko, upande wa kulia, wa kushoto, fizi, chini ya ulimi. Tarehe inajiandika yenyewe. Picha zangu ndizo zilizomfanya daktari anibadilishie dozi, si maelezo yangu. Ziweke tu kwenye folda ya peke yake, kwa sababu mimi nilipokuwa namtafutia mteja picha za keki, alianza kuziona hizo.